Mfumo wa ubini kwa jamii ya kubuni: mianya yake naizibaje?

BintiKalamu

Wakuu, salaam.

Naandika riwaya inayopita katika vizazi vinne, kwenye kisiwa cha kubuni. Wenyeji wake nimewaita Wahundari. Ni watu kama 30,000, wavuvi na wahunzi, na hawana majina ya ukoo. Kila mtu ana jina lake na ubini wa baba yake, basi. Mvulana huongezewa -ado mwishoni mwa jina la baba, msichana -ise. Kasan akimzaa Teru, huyo ni Teru Kasanado. Akimzaa Nareme, huyo ni Nareme Kasanise.

Majina ya kiume yako 15 (Teru, Kasan, Olmi, Bareh, Venda na mengineyo), ya kike 12. Mvulana wa kwanza hurithi jina la babu mzaa baba, na hilo sitaki kuliondoa kwa sababu kisa chote kimejengwa juu yake.

Nimekwama penye haya. Majina mengine yakishaungwa hayatamkiki: Vendaado, Olmiise. Kufikia katikati ya kitabu wahusika wanachanganyikana, maana babu na mjukuu wana jina lile lile, na ubini lile lile. Mwanamke akiolewa sijui inakuwaje, wala mtoto asiye na baba anayejulikana, wala mgeni aliyehamia kisiwani. Halafu katika sehemu ya tatu inaingia serikali ya kigeni na daftari la kuandikisha watu. Nataka majina yaharibike kama yanavyoharibika kweli duniani, si kwa kubahatisha.

Mwenye kuijua mifumo halisi anisaidie. Nataka undani, hata ukiwa mrefu.

FundiSarufi

Dada BintiKalamu, anza na sauti.

Mahali kiambishi kinapogusana na jina panahitaji kanuni, na kanuni iwe ile ile kwa kila jina la aina hiyo. Tazama wenzetu wa Iceland. Hawachukui jina la baba lilivyo. Huliweka kwanza katika umbo la umilikishi ndipo waongeze -son kwa mwana au -dóttir kwa binti. Jón huwa Jóns-, tunapata Jónsson (s mbili, moja ya umilikishi na moja ya -son) na Jónsdóttir. Helgi huwa Helga-, tunapata Helgason. Sturla huwa Sturlu-, ndiyo maana mwanahistoria wao wa karne ya 13 ni Snorri Sturluson. Warusi nao wana mafungu: Ivan hutoa Ivanovich na Ivanovna, Sergei hutoa Sergeevich na Sergeevna, lakini majina ya kiume yanayoishia na a yana njia yake, Nikita akitoa Nikitich na Nikitichna, Ilya akitoa Ilyich na Ilyinichna. Huko Wales jina la baba linabaki, alama yenyewe ndiyo hugeuka: ap Rhys, lakini ab Owain, kwa sababu Owain huanza na irabu.

Kwako wewe, tumia kanuni ambazo msomaji wa Kiswahili anazo kinywani tayari, asihitaji kufundishwa. Sisi ma- ikikutana na -ino twasema meno. Mu- na -alimu ni mwalimu. Vi- na -ake ni vyake. Kwa hiyo:

Jina likiishia na konsonanti, lisiguswe: Kasanado, Kasanise, Barehado, Barehise.
Likiishia na a, a mbili ziwe moja, na a ikikutana na i ziwe e: Vendado, Vendese.
Likiishia na u, u iwe w: Terwado, Terwise.
Likiishia na i, iwe y mbele ya a, na imezwe mbele ya i: Olmyado, Olmise.

Ukimaliza, fanya jaribio la kurudi nyuma. Chukua ubini peke yake uone kama jina la baba linapatikana bila utata. Hapo ndipo mifumo mingi ya kubuni hufia. Ukiwa na Kasan na Kasana katika orodha moja, wote wawili hutoa Kasanado, na mtoto hajulikani wa nani. Ukiwa na Olmi na Olme, huenda yakagongana pia kulingana na kanuni utakayoipa e. Pitia majina yako 15 moja moja. Yakigongana mawili, ondoa moja. Usiongeze kanuni ya pekee kwa ajili ya jina moja, maana kufikia ukurasa wa 200 hata mwenyewe utakuwa umeisahau.

Jambo la pili ni mnyororo. Ukitaja baba na babu pamoja, kila alama hufuata jinsia ya aliye kabla yake, haifuati ya mwenye jina. Aisha binti Ali bin Said: binti ni ya Aisha, bin ni ya Ali. Anayeandika "Aisha binti Ali binti Said" amemfanya Ali kuwa mwanamke. Kwa Wahundari, binti ya Kasan mwana wa Olmi ni Nareme Kasanise Olmyado. Mwisho wa jina la mwanamke basi kunaweza kukaa -ado, na hilo si kosa. Karani wako wa kigeni hataelewa hata kidogo.

La tatu, amua ni jina lipi la baba linaloingia kwenye ubini: jina zima au kiini chake. Wakalenjin wana viambishi vinavyotangulia jina kulingana na hali au saa ya kuzaliwa, Kip- au Ki- kwa wavulana na Chep-, Jep- au Che- kwa wasichana, kisha mwanamume akitoka jandoni huchukua arap na jina la baba likiwa limevuliwa kiambishi hicho. Baba yake Rais Daniel arap Moi aliitwa Kimoi arap Chebii. Ki- imebaki kwa baba, mwana amechukua Moi. Mtu asiyeijua kanuni hawezi kukisia kwamba hao ni baba na mwana.

MzeeNasaba

Fundi amemaliza upande wa sauti. Mimi niingie kwenye hesabu, kwa sababu kuchanganyikana kwa wahusika wako ni tatizo la hesabu kabla ya kuwa tatizo la uandishi.

Una wanaume kama 15,000 na majina 15. Jina na ubini hutoa michanganyiko 15 × 15, yaani 225. Hata majina yakigawanyika sawasawa, kila jina kamili litabebwa na watu 67 hivi. Ukiongeza babu unapata michanganyiko 3,375, na watu wanne au watano kwa kila mmoja. Lakini majina hayagawanyiki sawasawa popote. Jina moja likishikwa na wanaume 20 katika kila 100, basi kwa bahati tu wanne katika kila 100 watakuwa na jina hilo mara mbili. Kisiwani kwako hao ni wanaume 600 wanaoitwa Teru Terwado, isipokuwa kama ni mwiko kumpa mtoto jina la baba yake aliye hai. Mwiko huo uweke. Unapunguza mzigo na unaaminika, jamii nyingi wanao.

Ila kisiwa kizima si kipimo. Watu hutofautishana kijijini. Kijiji chenye wanaume 300 na michanganyiko 225 kitakuwa na majina pacha kila kona. Ongeza majina ya kiume yafike 60, michanganyiko iwe 3,600, na kijiji kitapumua. Si lazima yote yatokee kitabuni. Yatosha yawepo kwenye daftari lako na yapite mara moja moja kwenye umati, sokoni, msibani.

Sasa kuhusu jina la babu. Ubini hutenganisha vizuri sana watu wa rika moja. Mzee Olmi akiwa na wana wanne, kila mmoja atampa kifungua mimba wake jina Olmi, na ua mzima utakuwa na Olmi wanne: Olmi Terwado, Olmi Kasanado, Olmi Barehado, Olmi Vendado. Ukiita "Olmi!" wanageuka wote, ukiongeza ubini anakuja mmoja. Hapo mfumo unafanya kazi yake. Unapovunjika ni kwenda juu na chini. Katika mstari wa vifungua mimba majina mawili hupokezana: Olmi humzaa Teru, Teru humzaa Olmi, Olmi humzaa Teru. Kila Olmi ni Olmi Terwado Olmyado, babu na mjukuu sawasawa. Ukiongeza babu wa babu hupati kitu, unarudia wimbo ule ule. Kwa hiyo dawa ya "ongeza jina la tatu", inayosaidia kila mahali pengine, kwako haisaidii kabisa.

Tazama orodha ya masultani wa Zanzibar uone ubini ukifanya kazi. Wapo akina Khalifa wawili: Khalifa bin Said aliyetawala 1888 hadi 1890, na Khalifa bin Harub aliyetawala 1911 hadi 1960. Wapo akina Ali wawili: Ali bin Said, 1890 hadi 1893, na Ali bin Hamoud, 1902 hadi 1911. Ubini peke yake umetosha kwa wote wanne, hakuna haja ya kuwahesabu wa kwanza na wa pili kama wafalme wa Ulaya. Wangekuwa wanapokezana majina mawili tu, orodha hiyo isingesomeka.

Unachohitaji basi ni kitu kimoja cha ziada kinachotenganisha vizazi tu. Wasomali, ambao hujitambulisha kwa jina, baba na babu na wana majina machache yanayorudiwa mno, hutegemea sana majina ya utani, na mtu mzito kabisa huitwa kwa utani wake hadharani bila kuona haya. Waarabu wana kunya, Abu Fulani, na sisi pwani na bara tuna Baba Fulani na Mama Fulani. Kunya lakini haikufai kwa wakubwa: babu Olmi ni Baba Teru, na mjukuu Olmi akimzaa kifungua mimba wake naye ni Baba Teru. Chukua utani. Upewe lini? Ningesema mtu anapopata chombo chake cha kwanza baharini au anapofua chuma chake cha kwanza, na ukae kati ya jina na ubini. Kabla ya hapo mtoto hana, na ndiyo sababu nyumbani huitwa "Olmi mdogo".

Na usiache mambo yanayozaliwa na desturi hiyo. Bibi mwenye mjukuu aliyechukua jina la marehemu mumewe anamwita "mume wangu", anamdai kitoweo, anamgombeza kwa madeni ya babu. Utani huo wa bibi na mjukuu msomaji wako anaujua tangu utotoni.

Nuru_Pwani

Dada, mimi nikujibu pale pa wanawake, watoto na wageni. Nasaba huonyesha tabia yake kwa walio pembezoni, na waandishi wengi huwaacha bila kanuni.

Mwanamke akiolewa. Katika mifumo mingi ya ubini habadilishi kitu, kwa sababu ndoa haimbadilishii mtu baba. Iceland hadi leo mke habadili jina, na nyumba ya watu wanne inaweza kuwa na majina manne ya mwisho: mume Einarsson, mke Ólafsdóttir, mtoto wa kiume Jónsson, wa kike Jónsdóttir, ikiwa mume ni Jón. Pwani yetu vilevile, binti Saad ni binti Saad mpaka kaburini. Siti binti Saad, yule gwiji wa taarabu, alizaliwa akaitwa Mtumwa binti Saad. Siti ni jina la heshima lililomjia ukubwani. Jina la mbele limebadilika, ubini haukutikisika. Kinyume chake ni Sayyida Salme binti Said, mtoto wa Sultani Said bin Sultan. Aliondoka Zanzibar mwaka 1866, mwaka uliofuata akabatizwa na kuolewa na Mjerumani huko Aden, na tangu hapo maandishi yake yakatoka kwa jina la Emily Ruete. Salme kaenda, binti Said kaenda. Kama una mhusika wa kike atakayeolewa na mgeni katika sehemu ya tatu, hapo ndipo pa kukaa na kuandika kwa utulivu.

Ila ukitaka ndoa ionekane kwenye jina, Wairishi wanaweza kukufundisha. Mwanamume ni Mac au Ó. Binti wa ukoo huo ni Nic au Ní. Mke aliyeolewa humo ni Mhic au Uí. Msikilizaji anajua papo hapo kama mwanamke amezaliwa humo au ameolewa humo. Kwa Wahundari ungehitaji kiambishi cha tatu, na kila kiambishi kipya kinaongeza kazi kwenye lile jaribio la Fundi. Mimi nisingekishauri.

Mtoto asiye na baba anayejulikana. Zipo njia tatu kuu. Ya kwanza ni ubini wa mama, na usidhani ni aibu kila mahali. Isa bin Maryam kila mtu anamjua. Mfalme Svend Estridsen wa Denmark, karne ya 11, alikuwa na baba anayejulikana kabisa, jarli (mtawala chini ya mfalme) aliyeitwa Ulf. Alijiita kwa mama yake Estrid kwa sababu damu ya kifalme ilitoka upande huo, Estrid akiwa dada yake mfalme Knud. Kwa hiyo ubini wa mama unaweza kumaanisha baba hajulikani, au mama ni mkubwa kuliko baba. Wahundari wako wakiutumia kwa yote mawili, una utata mzuri wa kuchezea: mtu akisikia "Nareme + ado", tuseme Naremyado, kutegemea kanuni utakayoipa e, hajui amdharau au ampishe njia. Njia ya pili ni jina la baba la wote. Katika daftari za dola ya Waothmani, watu waliosilimu waliandikwa mara nyingi "bin Abdullah", maana kila mtu ni mwana wa mja wa Mungu; karani wa mahakama akiona hivyo anaelewa bila kuambiwa. Ya tatu ni jina la mlezi au la babu mzaa mama.

Kulea na kuzaa nako kuna kanuni. Qurani, sura ya 33 aya ya 5, inaagiza walelewa waitwe kwa baba zao, na Waislamu wengi hawampi mtoto wa kulea ubini wa mlezi hata leo. Jamii nyingine humpa siku ile ile. Amua moja, kwa sababu urithi utafuata hapo.

Mgeni je? Warusi humpa ubini kwa nguvu, maana bila ubini hawana namna ya kumwita kwa heshima. Malkia wa mwisho wa Urusi alizaliwa Ujerumani, baba yake akiitwa Ludwig, lakini akawa Alexandra Fyodorovna, kama ilivyozoeleka kwa mabinti wa kigeni walioolewa katika nyumba ya Romanov. Fyodor huyo hakuwa baba wa yeyote kati yao. Wahundari wangeweza kumpa kila mgeni ubini mmoja maalumu, na watoto wake wakazaliwa wenyeji kamili kwa kuwa baba yao ana jina linaloungika.

BintiKalamu

Nashukuru sana, nachukua mwiko wa jina la baba aliye hai na utani wa chombo cha kwanza. Majina nayapandisha yafike 60.

Swali dogo: wanaitanaje? Nimekuwa nikiandika "Kasanado alisimama", "Kasanado akacheka". Ni sawa? Na daftari la serikali bado, jamani.

Kaskazini_Kabisa

Si sawa. Ukimwita mtu kwa ubini peke yake unamwita mwana wa fulani; ndugu zake sita nao ni Kasanado. Iceland rais wao wa 1980, Vigdís Finnbogadóttir, huitwa Vigdís na kila mtu, na hata kitabu chao cha simu kilipangwa kwa jina la kwanza. Ethiopia hakuna alama yoyote kati ya majina, jina la baba hufuata tu, na heshima hukaa mbele ya jina la mtu mwenyewe: Ato kwa mwanamume, Weyzero kwa mwanamke aliyeolewa. Watangazaji wa riadha wa kigeni wanaposema "Dibaba anaongoza" wanamtaja baba. Anayekimbia ni Tirunesh, au mdogo wake Genzebe, na ubini wao ni mmoja. Mongolia ubini hutangulia: Tsakhiagiin Elbegdorj, rais wa zamani, jina lake ni Elbegdorj, na kwa ufupi huandikwa Ts. Elbegdorj.

Msimulizi wako aseme "Teru alisimama". Ubini utokee pale wahusika wenyewe wangeutumia: kwenye shauri, kwenye posa, mtoto anapoulizwa na mzee "wewe wa nani?", au ugomvi unapofika mahali pa kutajiana baba. Ukiutumia kila aya unachosha, na siku ya posa hautasikika. Heshima ya kila siku iwe kama ya Kirusi, jina na ubini pamoja, au iwe neno la heshima na jina. Chagua moja. Vijana wasiwaite wazee kwa jina tupu.

KaraniMasijala

Haya, tuingie ofisini.

Ubini hufa au hujeruhiwa pale serikali inapotaka jina la mwisho lisilobadilika. Uholanzi ilikuwa 1811 chini ya Napoleon, Denmark amri ya 1828, Uturuki sheria ya 1934. Iceland ilikwenda kinyume: sheria ya 1925 ilizuia majina mapya ya ukoo. Mongolia majina ya koo yaliondolewa katika miaka ya 1920, na watu walipotakiwa kuwa nayo tena miaka ya 1990, wengi mno walichagua Borjigin, ukoo wa Genghis Khan, hata jina likapoteza maana ya kutofautisha.

Kinachotokea karani anapofika ni hiki. Anakuta ubini wa mtu aliye hai siku ile, anauandika kwenye safu ya ukoo, na hapo unaganda. Watoto, wajukuu na vitukuu watabeba jina la mtu mmoja aliyebahatika kuwa baba mwaka huo. Denmark ndiyo sababu ya kujaa akina Jensen, Nielsen na Hansen, na mwanamke anaitwa Jensen ilhali -sen ni ya mwana. Vijijini amri haikushika mara moja. Kwa miongo kadhaa watu walikuwa na jina la kanisani na jina la kijijini. Wales alama iliganda ndani ya jina lenyewe: ap Rhys ikawa Price, ab Owain ikawa Bowen, ap Hywel ikawa Powell, na wabebaji hawaoni tena baba humo.

Kwa Wahundari wako fuata nyumba moja uone. Ndani wamo Teru Kasanado, mkewe Ilsu Vendese, mama yake mzee Nareme Barehise, mwanawe Kasan Terwado na bintiye Nareme Terwise. Watu watano, ubini tano, na kila moja ni sahihi. Karani akiwa mgumu ataona "familia tano". Akiwa na kanuni ya "jina la mkuu wa kaya", wote watakuwa Kasanado: bibi kizee amekuwa mwana wa mume wake, mke amekuwa mwana wa baba mkwe, na yule mtoto Kasan ni Kasan Kasanado, jina ambalo mwiko wenu unalikataza, maana linasema ana jina la baba yake. Hapo una tusi lililopigwa muhuri. Watu watakataa kuitika likisomwa hadharani, na karani ataandika "hayupo". Akiandikwa hayupo, hana kibali cha shamba wala cha chombo.

Ndugu wawili walioandikishwa ofisi tofauti ni balaa jingine. Mmoja anaulizwa "jina la baba?", anasema Kasan. Mwingine anaulizwa "jina lako la mwisho?", naye kwa kuwa amejitaja kwa mnyororo, Bareh Kasanado Olmyado, la mwisho ni la babu. Tangu siku hiyo mmoja ni Kasanado na mwingine Olmyado, na watoto wao wakigombea urithi hakuna karatasi inayosema ni ndugu. Hili halihitaji kisiwa cha kubuni. Hapa kwetu mwenye majina matatu, la kwake, la baba na la babu, akiitwa Juma Hamisi Ali, mwanawe ni Said Juma Hamisi. La mwisho la baba ni Ali, la mwana ni Hamisi. Wakifika ubalozini kuomba viza, afisa anauliza kwa nini baba na mtoto hawafanani ukoo, na cheti cha kuzaliwa ndicho huokoa.

Ongeza tahajia. Karani asiyesikia w na y ataandika Teroado, Teruado, Olmiado, na ofisi ya jirani itaandika vingine. Weka tahajia mbili tatu kwa kila jina kubwa kitabuni, zipangiwe ofisi, usizichanganye ovyo. Yale maumbo yasiyotamkika uliyolalamikia mwanzoni yahifadhi, dada. Ndiyo maandishi ya karani.

BintiKalamu

Vendaado itoke kinywani mwa karani! Hilo nimelipenda mno.

Basi bado moja. Ilsu akifiwa na mume, akarudi kwao, daftari linamwita nani?

KaraniMasijala

Kijijini ni Ilsu Vendese kama siku alipozaliwa. Daftarini ni Ilsu Kasanado, mjane, na amefungwa kwenye kaya ya marehemu. Akienda kudai sehemu yake kwa ndugu zake akina Vendado, ofisi haioni uhusiano wowote. Atahitaji mashahidi wawili wa kuapa kwamba Ilsu Kasanado na Ilsu Vendese ni mtu mmoja, na kwa desturi za ofisi kama hizo mashahidi huwa wanaume watu wazima. Sasa angalia ni nani kijijini kwenu wanaofaa kuapa. Wazee wanaomjua baba yake Venda pengine wameshaandikwa "hayupo", kwa sababu walikataa kuitika kwa majina ya karani, na aliye hayupo haapi. Hapo Ilsu atabaki na vijana walioandikishwa vizuri lakini hawakumwona Venda hata siku moja. Wataapa kwa maneno ya bibi Nareme, ambaye jina lake daftarini ni Nareme Kasanado.

Mpe karani safu moja ya "maelezo mengine" upande wa kulia wa ukurasa, nyembamba, upana wa vidole viwili. Ofisi yenye karani mwenye huruma itajaza humo "binti Venda" kwa penseli. Ukaguzi ukija, penseli inafutwa.